Sheria ya madini: mapatroni wanasema kwa jina la nani?

Ndugu wachimbaji, na ninyi mama na watoto wenye munangojea mshahara ku nyumba, leo tuongee juu ya neno moja lenye tunasikia kila mara sheria inataka kubadilika. Serikali ikileta tu mradi wa sheria yenye kugusa kampuni, habari inashuka mbio kutoka biro ya direkta mpaka kwa kapita, na kapita anaileta mbele ya posti: "Sheria ile ikipita, kazi itakufa." Hatujaona hata ukurasa mmoja wa sheria, lakini woga tuko nao tayari.

Ni vile tulisikia habari ya Code minier mwaka 2018, na maneno yale yatarudi na sheria ingine. Kwa hiyo ni vizuri tujue: mapatroni walikataa nini, nini ilitokea kisha, na sisi tulikuwa wapi.

Nyumba ya mapatroni

Mapatroni wako na nyumba yao. Inaitwa Fédération des Entreprises du Congo, FEC, na ndani yake kuko chumba cha kampuni za madini, Chambre des Mines. Haiko kitu kibaya. Sisi tuko na sendika, wao wako na FEC. Kazi ya chumba kile ni kusoma kila mradi wa sheria, kuhesabu utawakula makuta ngapi, na kwenda kusema na serikali mbele sheria ipite. Mbele, si nyuma. Hapo njo wanatushinda. Sisi mara nyingi tunaanza kuuliza wakati sheria imekwisha kutiwa sahihi.

Sheria ya 2002 na ile ya 2018

Code minier ya zamani ilitoka tarehe 11 Julai 2002. Gécamines ilikuwa imeanguka, inchi ilikuwa na vita, serikali ilitafuta watu wa kuleta makuta. Ikafungua mlango mukubwa. Redevansi, ni kusema makuta yenye kampuni inalipa juu ya madini inauzisha, ilikuwa 2 kwa mia kwa shaba na kobalti. Na kifungu cha 276 kiliahidi: sheria ikibadilika, kampuni yenye iko tayari ndani itabakia na masharti ya zamani miaka 10.

Kuanzia 2012 serikali ilisema mlango ule umepita kiasi. Kulikuwa mazungumzo ya pande tatu: serikali, kampuni na société civile. Mradi ulifika Bunge mwaka 2015. Mwaka 2016 bei ya shaba ilikuwa chini, serikali ikauweka pembeni. Bei ikaanza kupanda, mradi ukarudi 2017. Tarehe 9 Machi 2018 Rais Joseph Kabila akatia sahihi.

Redevansi ya shaba ikapanda mpaka 3,5 kwa mia. Kwa madini yenye serikali itaita ya stratejia, 10 kwa mia; kobalti iliingizwa humo Novemba ya mwaka ule ule. Sehemu yenye serikali inapata bure ndani ya kampuni ilitoka 5 ikafika 10 kwa mia. Kukaja taksi ya 50 kwa mia juu ya faida ya kupita kiasi, bei ya madini ikipanda sana kuliko ile kampuni iliandika wakati wa kuanza. Na ile ahadi ya miaka 10 ikakatwa kuwa miaka 5.

Mapatroni hawakukataa kila kitu. Vita yao kubwa ilikuwa juu ya ile ahadi. Walisema: "Tulijenga mine kwa hesabu ya miaka 10, hamuwezi kubadilisha mchezo katikati." Siku mbili mbele ya sahihi, wakubwa wa kampuni kubwa walifika Kinshasa kuonana na rais. Kisha sahihi, wakaleta pendekezo lingine: redevansi ipande bei ikipanda, ishuke bei ikishuka, lakini ahadi yao ibakie. Serikali haikukubali.

Nyumba ilipasuka

Kuko jambo lenye wengi wetu hatukulifuata. Mapatroni wenyewe hawakuwa na sauti moja. Prezida wa FEC wakati ule, Albert Yuma, alikuwa vilevile prezida wa baraza la Gécamines, na alisimama upande wa sheria mupya. Gécamines ni ya serikali, na iko na sehemu ndani ya kampuni nyingi za Katanga. Mwezi wa Machi 2018, kampuni kubwa kama Glencore na Randgold zilitoka ndani ya FEC, zikaunda kikundi chao pembeni.

Kwa hiyo mtu akikuambia "mapatroni wanasema", muulize: wapi? Mwenye mine, mwenye kampuni ya kamyo, mwenye sutretansi na Gécamines hawako na faida moja.

Je, kazi ilikufa?

Tuseme kweli yote, hata ile haitufurahishe. Mwaka 2019 Glencore ilifunga Mutanda, mine kubwa ya kobalti karibu na Kolwezi, na ilifunguliwa tena kwenye mwisho wa 2021. Jamaa nyingi zilipata shida ya bukari. Kampuni ilisema bei ya kobalti imeanguka, gharama imepanda, na taksi imepanda. Bei ilianguka kweli: kobalti ilipita dola 90.000 kwa tani mwanzo wa 2018, na mwaka 2019 ilishuka karibu na 30.000. Basi patroni akisema taksi ni muzigo, haiko uongo. Lakini bei haipangwe Kinshasa, na ndiyo bei ilipiga zaidi.

Tena angalia upande mwingine. Walisema wenye makuta watakimbia inchi. Mwaka 2017 Congo ilitoa shaba kidogo kupita tani milioni 1. Mwaka 2023 ilipita tani milioni 2 na nusu. Mine mupya zilifunguliwa chini ya sheria ile ile. Hawakukimbia.

Hesabu yenye kutuhusu

Sheria ile inasema redevansi igawanywe hivi: 50 kwa mia serikali ya Kinshasa, 25 provensi, 15 kwa mji, komini, sekta au shefferi kwenye mine iko, na 10 kwa mfuko wa vizazi vitakavyokuja. Pembeni ya redevansi, kila mwaka kampuni inatoa angalau 0,3 kwa mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wanaokaa pa mine.

Tufanye mfano. Kampuni imeuzisha shaba ya dola 1.000.000. Kwa 2 kwa mia ya zamani, redevansi ni dola 20.000, na sehemu ya 15 kwa mia ni dola 3.000. Kwa 3,5 kwa mia, redevansi ni dola 35.000, na sehemu ile inakuwa dola 5.250. Ongeza 0,3 kwa mia, dola 3.000. Jumla dola 8.250 karibu na lupango yetu. Wakati mapatroni walisema "sheria ni mbaya kwa wafanyakazi", walikuwa wanabishania hata makuta haya ya masomo, maji na dispanseri ya watoto wa mfanyakazi. Yanafika ao hayafike? Ile ni haki yetu kumuuliza burugumesta na shefu, na kuuliza kwa sauti.

Kwenye sheria ilinyamaza

Sheria haikupandisha mshahara wa mtu. Mshahara unajadiliwa ndani ya konvansyo kolektive, kampuni na sendika.

Ni vilevile kwa sheria ya sutretansi ya tarehe 8 Februari 2017. Inasema kazi ya sutretansi iende kwa kampuni zenye kapitali ya Wakongomani. Vizuri, tunaiunga mukono. Lakini sheria ile inaangalia mwenye kampuni ni nani, haiangalie mwenye kuvaa kasiki analipwa namna gani. Patroni mwana-inchi anaweza kukuweka kibarua mwaka mzima sawa na mugeni.

Hapo tukumbuke sheria ya kazi ya 2002, kifungu cha 40: mutu wa kazi ya siku kwa siku akiisha kutumika siku 22 ndani ya miezi mbili, wakimuchukua tena mbele ya miezi ile kuisha, kontra yake inahesabiwa kuwa ya siku zote. Muandike siku zenu ku kayee. Kayee ile itasema siku ya mashitaka.

Tufanye nini?

Sheria ingine ikikuja, na kapita akileta neno la woga mbele ya posti, tusibishane naye, yeye ametumwa. Tuulize delege wa sendika mambo ine. Mradi unasema nini, kifungu gani? Patroni gani anakataa, na juu ya nini? Bei ya madini iko wapi leo? Na ndani ya mradi kuko nini kwa mshahara, kontra na afya ya mfanyakazi?

Na delege asingojee. Sheria zinaandikwa kwa kifaransa, mine inasema Swahili. Kazi ya sendika ni kukamata karatasi ile mapema, kuisoma na watu ku kambi na ku sité, kisha kupeleka barua kwa deputé mbele ya vote. Chambre des Mines inafanya vile. Louis Watum, mwenye aliongoza Chambre ile kwa miaka, alikuwa waziri wa Mines mwaka 2025. Hatusemi ni kosa. Tunasema neno la mapatroni linajua njia ya kufika ku biro ya serikali. La kwetu pia lazima lijifunze njia ile.