Kati ya Moto na Bati

Makaa yanayowaka ndani ya jiko hufikia nyuzi 700 na zaidi, ilhali ngozi huungua ikigusa chuma tupu cha nyuzi 70 kwa sekunde moja tu. Kwa hiyo usalama wa mpishi, na wa mtoto anayetambaa kando yake, hutegemea sentimita chache zilizo kati ya moto na bati la nje.

Huko Ngao, kijiji cha Wapokomo kando ya Mto Tana karibu na Garsen, jambo hili lina uzito wake, kwa kuwa jiko huwekwa chini, kimo ambacho mikono ya watoto hukifikia. Jiko la zamani la bati tupu halikuwa na kinga yoyote, kwani chuma hupitisha joto mara nyingi zaidi kuliko udongo uliochomwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wataalamu na mafundi wa jua kali nchini Kenya walichukua mfano wa jiko la ndoo la Thailand, wakalibana kiuno na kulitia bitana ya udongo, yaani ganda la ndani linalobeba makaa. Bitana hiyo hushikizwa kwa saruji iliyochanganywa na vamikulaiti, madini mepesi ambayo yakichomwa hufura na kunasa hewa kati ya matabaka yake, na hewa iliyonaswa hivyo hupitisha joto kidogo mno. Wauzaji husifu akiba ya makaa, ambayo hutajwa kuwa asilimia 30 hadi 50. Kinga ya ngozi haitajwi sana, ingawa yote mawili ni kazi ya udongo uleule.

Hata hivyo, kuhami joto si kulimaliza. Ukingo wa juu, vishikizo vya sufuria na mlango wa majivu hubaki chuma kitupu, na chuma hakianzi kuwa chekundu kabla ya takriban nyuzi 500, hivyo bati la nyuzi 200 huonekana sawasawa na lililopoa. Udongo nao huhifadhi joto muda mrefu baada ya makaa kugeuka majivu.

Adui mkubwa wa bitana ni maji, na Ngao iko katika bonde linalofurika. Udongo uliolowa ukiwashiwa moto mkali ghafla hutoa mvuke kwa nguvu na kupasuka, kisha joto hupenya ufani na kulifanya bati la mahali hapo kuwa moto kuliko kwingine. Jiko lililolowa hukaushwa kwanza juani kwa siku kadhaa, kisha kwa moto mdogo; bitana iliyopasuka fundi huing'oa na kutia nyingine bila kubadilisha bati.

Bitana haizuii kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, hivyo jiko lenye makaa mekundu halilazwi chumbani usiku wa mvua, hata kama ubavu wake unashikika.