Vim na Njia za Kurudi Nyuma

Katika vi, kihariri cha matini ambacho Bill Joy alianza kukiandika mwaka 1976 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mtumiaji alisamehewa kosa moja tu. Ukibonyeza herufi u, badiliko la mwisho linatenduliwa. Ukibonyeza tena, linarudi palepale. Aliyefuta aya nzima kisha akaongeza nukta aliweza kuiondoa nukta. Aya haikurudi kwa u.

Mholanzi Bram Moolenaar alipoitoa Vim mwaka 1991, kwa kompyuta za Amiga, alikuwa akifuata nyayo za vi. Programu yake ikajifunza kutendua hatua nyingi mfululizo. Kwenye Unix, kiwango cha kawaida ni hatua 1,000.

Njia rahisi ingekuwa kuhifadhi nakala ya faili zima kila herufi inapoguswa, lakini kumbukumbu ya kompyuta ingejaa upesi. Vim huhifadhi mistari inayobadilishwa tu. Kabla ya kubadilisha chochote, kila amri inapaswa kuita kitendaji kiitwacho u_save na kukitajia mistari itakayoguswa.

Hapo ndipo penye kazi. Mchangiaji akiongeza amri mpya akasahau wito huo, programu itaendelea kama kawaida, na hata majaribio yanaweza kupita. Balaa huja baadaye, mtu mwingine kabisa anapojaribu kutendua na kupata hitilafu E438: namba za mistari hazilingani. Ndiyo maana mradi wa programu huria uliozaliwa bila uwezo wa kutendua hupata taabu kuuongeza ukubwani. Kuweka kitufe ni kazi ya jioni moja. Kusaka kila mahali ambapo mikono ya watu kadhaa imebadilisha data ni habari nyingine.

Kuna fumbo jingine. Mtu anatendua mabadiliko matano, kisha anaandika neno jipya. Yale matano yaende wapi? Programu nyingi huyatupa kimyakimya, jambo ambalo ni ukatili kidogo. Emacs, kihariri kingine, huihesabu hata hatua ya kutendua kuwa badiliko, hivyo nayo hutenduliwa. Hakuna kinachopotea, ila mgeni huzunguka mpaka akachoka. Amri mahususi ya kurudisha kilichotenduliwa ilikuja katika toleo la 28, mwaka 2022.

Vim 7.0, ya Mei 2006, ilichagua mti: yale matano hubaki kama tawi, na neno jipya huanzisha jingine. Amri g- humrudisha mtumiaji kwa mpangilio wa wakati, tawi hadi tawi. Akiandika :earlier 10m, matini huwa kama yalivyokuwa dakika 10 zilizopita.

Toleo la 7.3, la Agosti 2010, liliwezesha historia hiyo kuhifadhiwa katika faili la pembeni, isipotee kompyuta ikizimwa. Vim huilinganisha na alama ya utambulisho inayokokotolewa kutokana na yaliyomo katika faili kuu. Faili likiwa limebadilishwa kwingine, historia haitumiki. Uwezo huu haujawashwa tangu mwanzo, na ni sawa: nywila iliyofutwa katika faili kuu inaweza kuwa bado inasomeka katika lile la pembeni.