Juma la Kuombea Umoja wa Wakristo

Juma la Kuombea Umoja wa Wakristo ni siku nane za sala ambazo Wakristo wa madhehebu mbalimbali huziadhimisha kila mwaka, kwa kawaida tarehe 18 hadi 25 Januari, ili kumuomba Mungu awaunganishe tena wafuasi wa Kristo waliotengana. Linaitwa juma ingawa siku zake ni nane, kwa sababu lilianza kama oktava, yaani adhimisho la siku nane mfululizo kadiri ya desturi ya liturujia ya Kanisa la magharibi. Katika nchi nyingi za nusu ya kusini ya dunia, ambako Januari ni wakati wa likizo, juma hilo huadhimishwa karibu na sikukuu ya Pentekoste.

Leo maandalizi yake hufanywa kwa pamoja na Baraza la Makanisa Ulimwenguni na Kanisa Katoliki. Ushirikiano huo haukuwepo tangu mwanzo. Kwa miaka mingi Wakristo waliombea umoja kila mmoja upande wake, na wengine walikatazwa kabisa kusali pamoja na wenzao.

Kabla ya mwaka 1908

Msingi wa sala hiyo ni sura ya 17 ya Injili ya Yohane, ambapo Yesu, usiku wa kabla ya kufa kwake, anawaombea wanafunzi wake wawe na umoja ili ulimwengu upate kuamini. Katika karne ya 18 baadhi ya Waprotestanti wa Uskoti na Marekani walikubaliana kusali kwa nyakati zilizopangwa, kila mmoja mahali pake, na mwaka 1747 mchungaji Jonathan Edwards aliandika kitabu cha kuunga mkono mpango huo. Muungano wa Kiinjili, ulioanzishwa London mwaka 1846, uliendeleza desturi ya juma la maombi mwanzoni mwa Januari. Upande wa Wakatoliki, mwaka 1895 Papa Leo XIII alihimiza novena ya kuombea umoja kabla ya Pentekoste.

Oktava ya Graymoor

Juma lenyewe lilianza mwaka 1908 huko Graymoor, katika jimbo la New York, Marekani. Mwanzilishi wake, Paul Wattson, alikuwa padri wa Kanisa la Kiepiskopali, yaani la Kianglikana, na pamoja na Lurana White alikuwa ameanzisha shirika dogo la kitawa lenye roho ya Fransisko wa Asizi. Wazo lilitokana na barua alizoandikiana na Spencer Jones, padri Mwanglikana wa Uingereza, aliyependekeza siku moja ya kuhubiri juu ya umoja katika sikukuu ya Mtume Petro. Wattson aliona siku moja haitoshi, akachagua siku nane. Wakati ule tarehe 18 Januari ilikuwa sikukuu ya Ukulu wa Mtume Petro, na tarehe 25 Januari ni sikukuu ya Kuongoka kwa Mtume Paulo. Ile ya kwanza iliondolewa katika kalenda mwaka 1960, lakini tarehe za sala hazikubadilika.

Mwaka 1909 Wattson, White na wenzao walipokewa katika Kanisa Katoliki. Papa Pius X aliibariki oktava yao, na mwaka 1916 Papa Benedikto XV aliieneza katika Kanisa Katoliki lote. Hapo ndipo ugumu ulipoonekana wazi. Oktava ya Wattson iliomba Wakristo wengine wote warudi chini ya Papa wa Roma. Mkatoliki aliweza kuomba hivyo bila shida, lakini Mlutheri, Mwanglikana au Mworthodoksi angewezaje kuitikia "Amina"? Sala ya kuombea umoja ilikuwa yenyewe imebeba utengano. Tangu mwaka 1926 harakati ya Imani na Utaratibu ilikuwa ikitoa mapendekezo yake kwa ajili ya oktava ya sala, hivyo njia zikawa mbili.

Paul Couturier

Aliyefungua njia alikuwa padri Mkatoliki wa Lyon, Ufaransa, aliyekuwa mwalimu wa sayansi shuleni. Paul Couturier alianza kuifikiria habari hiyo katika miaka ya 1920, aliposaidia wakimbizi Warusi waliofika mjini kwake, na kupitia kwao akawafahamu Waorthodoksi kama watu wa sala, si kama wapinzani katika vitabu vya teolojia. Mwaka 1933 aliandaa siku tatu za sala mjini Lyon, na mwaka uliofuata siku nane.

Badiliko lake linaonekana dogo, lakini ndilo lililoliokoa juma hili. Alipendekeza wote waombe umoja uje kama Kristo anavyoutaka na kwa njia anazozitaka yeye. Hakuna aliyetakiwa kuikana imani yake ili kusali hivyo, wala hakuna aliyeruhusiwa kumwelekeza Mungu namna ya kuleta umoja huo. Tena Couturier alisisitiza kwamba kila upande uanze kwa kutubu makosa yake wenyewe. Aliwaita wote waliosali hivyo, popote walipo, monasteri isiyoonekana.

Mwito huo ulifika hata kwenye monasteri ya Grottaferrata, karibu na Roma. Mwaka 1938 mtawa kijana kutoka Sardinia, Maria Gabriella Sagheddu, aliposikia ombi la kusali kwa ajili ya umoja, aliomba ruhusa ya kumtolea Mungu maisha yake kwa nia hiyo. Aliugua kifua kikuu, akafariki tarehe 23 Aprili 1939 akiwa na umri wa miaka 25. Papa Yohane Paulo II alimtangaza mwenye heri tarehe 25 Januari 1983, siku ya kufunga juma.

Kutoka katazo hadi sala ya pamoja

Ieleweke kwamba Couturier alifanya kazi katika mazingira magumu. Mwaka 1928 Papa Pius XI alikuwa ameandika ensiklika Mortalium Animos, iliyowakataza Wakatoliki kushiriki mikutano ya kiekumeni. Mwaka 1949 Roma iliruhusu mikutano ya namna hiyo ifunguliwe au kufungwa kwa sala ya Baba Yetu. Kwa msomaji wa leo ruhusa hiyo inaweza kuchekesha: Wakristo kuhitaji kibali ili kusema pamoja sala waliyofundishwa na Yesu. Wakati ule ilikuwa hatua kubwa.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kasi. Tarehe 25 Januari 1959, mwishoni mwa juma la sala, Papa Yohane XXIII alitangaza katika Basilika la Mt. Paulo Nje ya Kuta kwamba ataitisha mtaguso. Mnamo Januari 1964 Papa Paulo VI na Patriarki Athenagoras I wa Konstantinopoli walikutana Yerusalemu wakasoma pamoja ile sura ya 17 ya Yohane. Mwezi Novemba mwaka huohuo Mtaguso wa pili wa Vatikano ulitoa hati Unitatis Redintegratio, ambayo iliwahimiza Wakatoliki kusali pamoja na Wakristo wengine. Mwaka 1966 Roma na Tume ya Imani na Utaratibu ya Baraza la Makanisa Ulimwenguni zilianza rasmi kuandaa matini kwa pamoja, na matini hayo yalitumika kwa mara ya kwanza mwaka 1968.

Jinsi linavyoandaliwa

Tangu mwaka 1975 rasimu ya kwanza huandikwa na Wakristo wa nchi au eneo fulani. Kisha kamati ya kimataifa huipitia, na kila eneo hutafsiri na kurekebisha matini kadiri ya mahitaji yake. Ndani yake mna utangulizi, ibada ya pamoja, na masomo yenye tafakuri na sala kwa kila siku.

Utaratibu huu umeleta utajiri ambao kamati ya maofisini isingeweza kuubuni. Kwa mwaka 2007 rasimu ilitoka Umlazi, karibu na Durban, Afrika Kusini, mahali palipoumizwa na ubaguzi wa rangi na kisha na UKIMWI. Wakristo wa huko walichagua habari ya Yesu kumponya kiziwi katika Injili ya Marko, kwa kuwa tatizo lao kubwa lilikuwa ukimya: watu walikufa na familia hazikuthubutu kuutaja ugonjwa. Kwa mwaka 2009 Wakristo wa Korea Kusini walichagua vijiti viwili vya nabii Ezekieli vinavyokuwa kimoja mkononi mwa Mungu. Kwa taifa lililokatwa vipande viwili, mfano huo haukuhitaji maelezo. Matini ya mwaka 2023 yalitoka Minnesota, Marekani, ambako George Floyd aliuawa mwaka 2020, na yalihusu haki kadiri ya nabii Isaya. Yale ya mwaka 2024 yaliandaliwa Burkina Faso, juu ya Msamaria mwema.

Pingamizi na mipaka

Si Wakristo wote wanaoshiriki. Baadhi ya Waorthodoksi hukumbusha kwamba kanuni za kale zinakataza kusali na walio nje ya Kanisa. Suala hilo lilizungumzwa kwa kina katika Baraza la Makanisa Ulimwenguni miaka ya 1998 hadi 2002, na baadaye likatofautisha wazi zaidi ibada ya Kanisa moja inayohudhuriwa na wengine na sala iliyoandaliwa na Makanisa kadhaa. Makanisa mengi ya Kipentekoste na ya kiinjili nayo hupendelea mikusanyiko yao.

Mpaka unaoumiza zaidi ni meza ya Bwana. Ibada ya juma kwa kawaida huwa ya Neno: masomo, mahubiri, nyimbo na maombi. Ekaristi haimo, kwa sababu washiriki hawakubaliani kuhusu nani anaweza kuipokea na kutoka kwa nani.

Katika mwaka mzima

Waandaaji wenyewe husisitiza kwamba matini hayo yatumike mwaka mzima. Tena kuna nyakati nyingine za sala ya pamoja. Ijumaa ya kwanza ya Machi ni Siku ya Maombi ya Dunia, iliyotokana na maombi ya wanawake wa Marekani katika karne ya 19; kila mwaka ibada yake huandikwa na wanawake wa nchi tofauti, kwa mfano Zimbabwe kwa mwaka 2020. Tarehe 1 Septemba, iliyotengwa na Patriarki Dimitrios I mwaka 1989 kuombea uumbaji, sasa inaadhimishwa pia na Wakatoliki na Waprotestanti wengi. Baraza la Makanisa Ulimwenguni lina ratiba inayopanga nchi za dunia ziombewe wiki baada ya wiki.

Kwa Afrika Mashariki siku inayoonyesha hali halisi ya umoja ni tarehe 3 Juni huko Namugongo, Uganda. Mwaka 1886, kwa amri ya Kabaka Mwanga II, vijana Wakatoliki na Waanglikana walichomwa moto huko kwa ajili ya imani ileile. Papa Paulo VI alipowatangaza Wakatoliki 22 kuwa watakatifu mwaka 1964, aliwataja pia Waanglikana waliouawa. Papa Fransisko alitembelea patakatifu pa pande zote mbili mwaka 2015. Lakini kila mwaka mahujaji wanaofika kwa miguu kutoka Kenya, Tanzania, Rwanda na kwingineko wanapokaribia Namugongo bado hugawanyika: wengine huelekea kwenye basilika la Wakatoliki, wengine kwenye patakatifu pa Waanglikana, mwendo mfupi kutoka hapo.