Tofali moja, maswali kibao

Wapambanaji wenzangu wa mtandaoni, leo tuongee tofali. Ndiyo, tofali.

Kule Marekani, uwanja wa mbio za magari wa Indianapolis ulifunguliwa mwaka 1909. Njia ya kokoto na lami ikabomoka, watu wakafa kwenye ajali, na mwaka huohuo ikatandikwa matofali zaidi ya milioni 3. Juu ya matofali hayo Ray Harroun alishinda mbio za kwanza za maili 500, mwaka 1911, na gari lake la njano, Marmon Wasp. Baadaye yalifunikwa lami, ukabaki mstari wa yadi 1 tu pale wanapomalizia.

Yale yaliyong'olewa, watu wanayanunua kama kumbukumbu. Mengi yana chapa ya Culver Block. Sasa patamu ni hapa: matofali ya chapa hiyohiyo yalitandikwa pia kwenye mitaa ya miji! Kwa hiyo chapa peke yake haithibitishi kitu. Mwenye barua ya babu aliyefanya kazi uwanjani ana bidhaa. Asiye nayo ana tofali.

Mimi nauza redio na saa za zamani, na wateja huniuliza hivyohivyo: "Umeitoa wapi?" Nikinunua kwa mzee, namwomba aniandikie mistari miwili: aliinunua lini, wapi. Karatasi naipiga picha pamoja na redio, naposti zote. Nisichokijua siandiki. Ukiandika "ya enzi za Mwalimu" halafu mteja akakubana inbox, utamwonyesha nini?