Chipu ya Kuongeza Nguvu kwa Gari Kuukuu



Vikundi vyenye pikapu au Canter ya zamani vimetuuliza kuhusu chipu. Gari la kikundi linabeba ndizi, majani chai au mawe ya Tabaka, na siku nyingine linavuta trela. Likifika mlimani linachoka. Halafu anatokea mtu na kiboksi chenye waya, anasema, "Wekeni hii, mtasahau mlima." Pesa anayoomba ni akiba ya wanachama, kwa hivyo afadhali tueleze kitu hiki kinavyofanya kazi.

Kuna injini zinazoongozwa na kompyuta. Kompyuta hiyo ndiyo inaamua dizeli kiasi gani iingie kwenye silinda, na wakati gani. Chipu inabadilisha maagizo hayo, na mara nyingi agizo lenyewe ni moja tu: ongeza dizeli. Kama gari lina turbo na injini ni nzima, nguvu zinaongezeka kweli. Hatusemi yote ni uongo. Marekani watu wenye pikapu kubwa za kuvuta trela wameitumia sana. Lakini hata huko, Dodge Ram za dizeli zilizotengenezwa kabla ya 1998 zilikuwa na pampu isiyoongozwa na kompyuta, na chipu haikuwa na pa kushika.

Sasa tuje kwetu. Hilux nyingi za zamani, zile za injini ya 2L na 3L, na Canter nyingi kuukuu, zina pampu ya chuma na springi tu. Fungueni boneti mjionee. Fuateni ile kebo inayotoka kwa pedeli ya mafuta. Ikiishia kwa mkono wa pampu, na pampu yenyewe ina waya wa kuzimia injini peke yake, basi hakuna kompyuta hapo. Kuiwekea chipu ni sawa na kuliandikia jembe barua. Kuna na viboksi vingine ambavyo ni taa ndogo tu inayowaka na kuzima. Dereva anaona taa, anakanyaga zaidi, anasema gari limepona.

Lakini mbona gari linachoka? Hapa iko sababu ambayo wauzaji hawaitaji. Mji wa Kisii uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na ukielekea Keroka unazidi kupanda. Kwa urefu huo hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa kama asilimia 15. Dizeli haiungui bila hewa. Injini isiyo na turbo inapoteza nguvu karibu kiasi hicho hicho, hata ikiwa mpya. Kwa hivyo shida ya milima yetu ni upungufu wa hewa, na dawa tunayouziwa ni kuongeza mafuta!

Mafundi wengine hawahitaji chipu; wanafungua skrubu ya pampu. Matokeo ni yale yale. Dizeli iliyozidi inatoka kama moshi mweusi, yaani pesa ya kikundi inapeperuka juu ya mashamba ya watu. Tena injini ya dizeli haifanani na ya petroli: ukiizidishia mafuta chini ya mzigo, joto linapanda sana. Gari linachemsha, gasketi inaungua, hedi inapasuka, au pistoni inayeyuka. Kikundi kilichotaka kupanda mlima haraka kinabaki na gari juu ya mawe, na mkopo bado unadai.

Na tusisahau kushuka. Chipu haigusi breki. Haigusi chesesi, springi, tairi wala klachi. Gari la tani moja linabaki la tani moja hata likipewa nguvu za tatu. Likipanda na mzigo ambao zamani lilikataa, ni lazima literemke nao upande wa pili, na trela nyuma inasukuma. Breki zikishikiliwa muda mrefu zinapata moto mpaka mafuta yake yanachemka, na hapo pedeli inazama bila kushika kitu. Abiria wanaokaa juu ya magunia ni watoto na mama zetu. Kwa maoni yetu, hili peke yake linatosha kukataa.

Fedha hiyo ifanyeje basi? Anzeni na eya klina, kwa maana vumbi la barabara zetu linaiziba na hewa ile kidogo inazidi kupungua. Badilisheni filta ya dizeli. Nozo zipelekwe kupimwa na fundi mwenye mashine, tapeti zirekebishwe, radieta isafishwe. Mwambieni fundi apime kompresheni ya kila silinda. Ikiwa imeshuka, injini imechoka na hakuna kiboksi kitakachoifufua. Breki za gari na za trela zikaguliwe siku hiyo hiyo. Mlimani pakieni kidogo, fanyeni safari mbili. Mkiteremka, gia iwe ile ile ambayo mngepandia.

Kabla ya kulipa, mweka hazina aandike kazi itakayofanywa na bei yake, fundi atie sahihi, na vipuri vya zamani virudishwe kwa kikundi ili wanachama waone kilichotolewa.