Dawa ya Goldifishi Iko Kwenye Mtungi wa Juzi

Mtoto wa jirani yangu hapa Umoja, Nairobi, alibisha hodi jioni moja akiwa amekumbatia bakuli la kioo. Ndani yake goldifishi wawili walikuwa wamepanda juu kabisa ya maji, wakipanua midomo na kuifumba. "Anko, ni wagonjwa, na jana tu nimewasafishia kila kitu," akasema. Alikuwa amemwaga maji yote, akasugua kokoto kwa brashi, akasuuza sifongo ya chujio chini ya mfereji, kisha akajaza upya. Usafi huo ndio uliowalaza.

Taka kubwa ya samaki ni amonia, naye huitoa zaidi kupitia matamvua, yaani palepale anapopumulia. Ziwani inapotelea kwenye maji mengi. Kwenye bakuli la lita nne inabaki naye. Wanaomwokoa ni bakteria waliojishika kwenye kokoto, kioo na sifongo: kundi moja hugeuza amonia kuwa nitriti, jingine hugeuza nitriti kuwa nitreti, ambayo samaki huivumilia zaidi. Kuwalea bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita. Kuwaua ni kazi ya mfereji na dakika tano.

Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini, husafishwa Ng'ethu na kutiwa klorini ili tusipate homa ya matumbo. Klorini haibagui: huua vijidudu vya maradhi, huua na hao bakteria wa sifongo, na matamvua huyachoma. Sasa tazama jinsi shida yetu inavyogeuka dawa. Tangu mgao wa maji wa 2017, ni nadra kupata nyumba hapa Eastlands isiyo na mitungi iliyopangwa jikoni au kwenye balkoni. Maji yakikaa siku moja au mbili kwenye chombo kilicho wazi, klorini hupaa yenyewe. Mtungi uliofungwa kifuniko hausaidii sana. Na uliza kwanza kama mama mwenye nyumba ametia WaterGuard, maana hiyo ni klorini vilevile.

Maji ya kisima yanayoletwa na mkokoteni yana kisa chake. Klorini huenda hayana, lakini maji mengi ya visima virefu vya Nairobi ni ya magadi, na hapo amonia hubadilika tabia. Maji yakiwa na pH 7, katika nyuzi 25, sehemu isiyofika 1 kwa 100 ya amonia ndiyo iliyo katika umbo kali linalopenya mwilini. pH ikifika 8, sehemu hiyo hukaribia 5 kwa 100. Taka ni ileile, sumu imezidi mara nyingi. Tena usitegemee pua: samaki huumia kabla wewe hujasikia harufu yoyote.

  

Wapo madaktari wa mifugo Kabete, lakini ni safari ya matatu mbili ukiwa na bakuli mapajani. Tulianzia nyumbani. Tuliondoa robo ya maji, tukarudishia yaliyolala mtungini siku mbili, yenye joto sawa na la bakuli. Chakula tukakikatiza. Tukatia chumvi ya jikoni, gramu moja kwa kila lita, kwa sababu nitriti huifanya damu ishindwe kubeba oksijeni, na kloridi ya chumvi huizuia isiingie kwenye matamvua. Stima ilipopotea na pampu ya hewa ikanyamaza, mtoto alichota maji kwa kikombe na kuyamwaga kutoka juu, tena na tena, mpaka taa zikarudi.

Mmoja alikufa usiku wa pili. Wa pili amehamia kwenye ndoo kubwa, na sifongo yake sasa husuuzwa ndani ya maji yaleyale yanayotolewa. Kwenye balkoni yao kuna mtungi wa njano usio na kifuniko, umeandikwa kwa makapeni: YA SAMAKI, USIPIKIE.