Muuguzi na Amana ya Njiani

Wengi wetu tukiona gari la wagonjwa linapita na king'ora chake, hushusha pumzi na kusema: alhamdulillahi, mgonjwa huyo amepata gari. Hudhani kwamba shida imekwisha pale gari lilipopatikana. Kumbe kwa mtoto mahututi, hasa kichanga cha siku moja au mbili, hapo ndipo penye hatari yake. Gari halitibu, gari huchukua tu. Anayetibu ni yule aliyepanda pamoja na mtoto, na huyo ndiye ninayetaka kuwasimulia leo.

Habari hizi nilizipata Tawa, mji mdogo wa soko katika nchi ya vilima vya Mbooni, Kaunti ya Makueni. Ng'ambo ya Mto Athi ni Kitui. Nchi hiyo si ngeni kwa watu wa Mombasa. Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba ilikuwa ikishuka na pembe za ndovu hadi Pwani, ikarudi na nguo na shanga. Njia ya kutoka huko kuja kwetu ni njia ya mizigo tangu zama za mababu. Lakini mzigo nilioulizia habari zake mimi ni wa namna nyingine.

Tawa ina hospitali ya kaunti ndogo. Mtoto akizidiwa kupita uwezo wa hospitali za ngazi hiyo, hupelekwa Wote, makao makuu ya kaunti, ambako hospitali ya mama na mtoto ilifunguliwa mwaka 2018. Au hupelekwa Machakos. Na ikibidi, hufikishwa Nairobi katika Hospitali ya Kenyatta. Barabara za vilimani zina kona na miteremko, na mtoto asiyeweza kuvuta pumzi vizuri hahesabu kilomita. Yeye huhesabu dakika.

Nilizungumza na mama mmoja aliyeifanya kazi hiyo ya uuguzi miaka mingi na ambaye sasa amestaafu. Aliniomba nisimtaje jina wala nisitaje hospitali alizotumikia, nami natimiza ahadi. Nilimwita mwaitu, kama Wakamba wamwitavyo mama, akacheka na kunijibu, "Karibu, mzee wa Pwani." Kisha akanieleza kazi yake kama vile nahodha anavyoeleza safari ya chombo: kwa vifaa na kwa hesabu.

La kwanza, alisema, ni simu kabla ya gari. Hospitali inayopelekewa mtoto sharti iulizwe kama ina nafasi, na daktari wa huko ajue nini kinakuja. Wakenya tuna sababu ya kulikumbuka hilo. Mwezi wa Oktoba 2015 mtu mmoja aliyegongwa na gari alikaa saa 18 ndani ya gari la wagonjwa Nairobi, akitafutiwa kitanda cha wagonjwa mahututi, na baadaye akafa. Huyo alikuwa mtu mzima. Kichanga hakina saa 18 za kungoja.

La pili ni joto. Mwili wa kichanga unatakiwa uwe kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Ukipoa, pumzi huregea na sukari ya damu hushuka, na mtoto aliyetoka wodini akiwa na nafuu huweza kufika akiwa baridi kama samaki. Dawa yake si lazima iwe mashine. Mwaka 1978, katika mji wa Bogotá nchini Colombia, madaktari walipopungukiwa na vitanda vya joto walianza kuwafunga watoto waliozaliwa kabla ya wakati kifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Utafiti uliotangazwa mwaka 2021, uliofanywa katika nchi tano, Tanzania ikiwamo, ulionyesha kwamba vichanga vyepesi vikipakatwa hivyo mara tu baada ya kuzaliwa, vifo hupungua kwa robo. Kwetu sisi nyanya kumpakata mjukuu ndani ya leso si jambo la kufundishwa. Basi mama akiwa amepasuliwa na hawezi kusafiri, huyo nyanya au shangazi aweza kuwa ndiye kitanda cha joto cha njiani.

La tatu ni hewa, na hapa ndipo penye hesabu. Mtungi wenye lita 600 za oksijeni, ukitoa lita 5 kwa dakika, hudumu saa mbili basi. Je, gari likipasuka gurudumu? Je, mto ukijaa? Muuguzi yule alikuwa akitaka hewa ya safari mara mbili, na mtungi alikuwa akiufungua yeye mwenyewe kuusikiliza kabla ya kuondoka. Hakutosheka kuambiwa kuwa umejaa.

La nne ni kujua lini usitende. Watu wengi huona kwamba kumtibu mtoto ni kumtundikia maji ya mshipa, na kadiri yanavyoingia mengi ndivyo bora. Mwaka 2011 ulitangazwa utafiti uliofanywa Kenya, Uganda na Tanzania kwa watoto zaidi ya 3,000, na Kilifi yetu ilikuwa miongoni mwa vituo vyake. Ulionyesha kwamba mtoto mwenye homa kali ambaye damu yake inazunguka kwa udhaifu, akimiminiwa maji mengi kwa haraka, hatari ya kufa huzidi. Watoto wa kuhara hawakuhusika. Hao wana hukumu yao. Basi muuguzi peke yake ndani ya gari, usiku, mtoto akilegea mikononi mwake, sharti ajue kuuzuia mkono wake. Hiyo ni elimu, tena ni elimu nzito.

Lakini yote hayo, mwaitu alisema, ni mepesi kuliko swali moja: anayebaki wodini ni nani?

Akanisimulia usiku mmoja, katika hospitali ambayo hakuitaja. Zamu ilikuwa yake peke yake. Kulikuwa na mtoto wa miezi minane aliyeshikwa na kichomi, midomo imeanza kugeuka rangi. Kulikuwa na wanawake wawili katika uchungu wa kuzaa. Asipokwenda, mtoto atasafiri na dereva, mama yake na barua. Akienda, wale wawili watabaki na mfagiaji na mlinzi wa mlangoni. Akaenda. Mtoto yule aliishi. Aliporudi alfajiri alikuta mmoja wa wanawake amekwisha kujifungua mikononi mwa mfagiaji, na kichanga hakikulia.

Sikumwuliza angechagua lipi kama usiku ule ungerudi. Swali hilo si lake. Ni la wale wanaopanga zamu na kutenga fedha, wanaonunua gari jipya, wakalikatia utepe na kupigwa picha, bila kuajiri mtu wa kukaa nyuma ya dereva. Katiba ya mwaka 2010 inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura, na tangu 2013 hospitali hizi ziko mikononi mwa kaunti. Gari lisilo na muuguzi, au wodi iliyoachwa bila muuguzi kwa sababu ya gari, haitimizi ahadi hiyo.

Na tusidhani haya ni ya bara peke yake. Mgonjwa wa Lamu sharti avushwe bahari hadi Mokowe kabla ya kuiona barabara ya Mombasa. Wa Pemba huvushwa hadi Unguja. Tanzania imejaribu dawa moja: katika mpango uitwao m-mama, uliotangazwa kwa nchi nzima mwaka 2022, mtu hupiga simu namba 115 bila malipo, na gari la wagonjwa lisipopatikana huitwa dereva wa kijijini aliyekwisha kuandikishwa, akalipwa. Ni jambo jema. Hata hivyo dereva ni dereva.

Sisi tuliosoma chuoni tumefunzwa amana ni nini. Aliyewekewa amana huifikisha kwa mwenyewe, na huieleza: nilipokea hivi, nimefikisha hivi. Ndivyo afanyavyo muuguzi wa safari. Huandika saa, pumzi kwa dakika, sukari, dawa iliyotolewa na kiasi chake, na hamwachi mtoto mpaka mwenzake amesikia na kupokea. Na kila aliyeifikia Sura ya Al-Maida anajua uzito uliowekwa juu ya kuihuisha nafsi moja.

Basi ndugu msomaji, siku wakikwambia mwanao au mjukuu wako anahamishwa, usikimbilie kuuliza gari liko wapi. Uliza nani anapanda naye. Uliza huko aendako wamepigiwa simu na wamekubali. Kisha, hata kama moyo unakwenda mbio, uliza na la tatu kwa ajili ya watoto wa wenzako: nani amebaki wodini? Jibu likiwa ni hakuna, usimlaumu muuguzi. Lichukue jibu hilo mpaka kwa mwakilishi wako wa wadi, na mpaka kwa gavana, na uwadai jawabu.